UZI: Mjadala wa umri wa magari ya mitumba, na injini zinazonoki kabla ya mkopo kuisha

Wadau, bajeti ikikaribia mjadala huu hurudi kama mvua. Upande mmoja unasema Kenya imegeuzwa jaa la magari chakavu ya Japani, kwa hivyo kikomo cha umri kishushwe. Upande wa pili unajibu: mnataka gari liwe la matajiri peke yao. Makofi pande zote mbili. Mtu aliyekopa Sacco akanunua gari la kazi, injini ikanoki mwezi wa nane, huyo hakuna anayemjibu. Leo tumjibu.

Kwanza sheria yenyewe inasema nini. Kiwango cha KEBS, KS 1515 cha mwaka 2000, kinataka gari la mitumba lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Usukani uwe kulia. Likaguliwe huko linakotoka, kabla halijapakiwa melini. Rasimu ya sera ya magari ya 2019 ilipendekeza kushuka hadi miaka 5, waagizaji wakapiga kelele, na viwanda vinavyounganisha magari mapya Thika, Mombasa na Nairobi havikulia. Hilo ni jambo la kawaida kwenye siasa: kila namba ina mwenyewe. Ukisikia mtu anatetea 5 au 8, uliza kwanza analipwa na nani gari likiuzwa.

Halafu kuna ushuru, ambao wengi hawauhesabu kwenye mjadala huu. Ushuru wa forodha kwa magari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa, VAT na ada nyingine. Lakini KRA, wakati wa kukokotoa, hupunguza thamani ya gari kulingana na umri wake. Gari likizeeka, thamani inayotozwa inashuka. Kwa hivyo serikali moja, kwa mkono huu inakwambia usilete gari zee, na kwa mkono ule inakupunguzia ukileta la miaka 7. Unadhani mnunuzi mwenye milioni moja na kitu atachagua lipi? Atabana pale pale mpakani mwa kikomo, na hana makosa.

Twende Japani kidogo, kwa sababu huko ndiko magari mengi yetu yanakotoka. Wana ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari jipya la binafsi linakaguliwa likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Breki, taa, moshi, vyote. Ni gharama, na ndiyo sababu moja ya watu wengi kule kuamua kuuza badala ya kulipia ukaguzi mwingine. Yaani gari lililoko yadi ya Ngong Road limeishi miaka 7 chini ya serikali iliyolichungulia ekzosi mara kwa mara. Likishapata namba ya Kenya, kama ni la binafsi, kwa vitendo hakuna anayelichungulia tena.

Sasa injini. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si makanika, lakini bila sehemu hii mjadala wote ni hewa.

Gari la dizeli la kisasa lina kichujio cha masizi ndani ya ekzosi. Mafundi wanakiita DPF. Kinanasa ule moshi mweusi usitoke nje. Kikijaa, kompyuta ya gari inaingiza dizeli ya ziada ili joto la ekzosi lipande hadi kama nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka gari litembee mfululizo, kwa mwendo mzuri, kama dakika 15 au 20. Kwenye barabara kuu za Japani au ukielekea Nakuru, sawa. Wewe unatoka Kasarani kwenda mjini, foleni tupu, unazima gari kazi ikiwa nusu. Kesho hivyo hivyo. Ile dizeli ya ziada ambayo haikuungua inateremka na kuchanganyika na oili. Oili inakuwa nyepesi. Ukivuta kijiti unaona kiwango kimepanda, unafurahi kwamba gari lako halili oili, kumbe oili imekuwa uji wa dizeli. Tabo na beringi zinaanza kusagika. Ukiongeza na oili ya bei rahisi isiyofaa gari lenye DPF, majivu yake yanajaa kwenye kichujio na hayo hayaungui kabisa.

Hapo umri umeingia wapi? Gari la miaka 4 litakufa kwa ugonjwa huu sawa na la miaka 8.

Kwa petroli ni hadithi tofauti kidogo. Mshtakiwa anayetajwa kila mara ni katalisti, lile kopo kwenye ekzosi lenye platini, paladi na rodi. Mara nyingi katalisti haijiui yenyewe. Plagi zimechoka, petroli haiungui yote kwenye silinda, inakwenda kuungulia ndani ya katalisti na kuyeyusha matundu yake. Taa ya injini inawaka, mashine inasoma P0420. Fundi mwaminifu atatafuta chanzo. Mwingine atakupa dawa ya mtaani: anasogeza sensa ya oksijeni nje kidogo kwa kipande cha chuma ili isione uchafu, taa inazima, unalipa, unaenda. Na katalisti yenyewe ikitolewa ina soko, kwa sababu ya yale madini. Kwa dizeli ni vile vile: DPF inatobolewa au kutolewa, kompyuta inadanganywa. Gari linarudi kuwa na nguvu, na moshi wote unaenda kwa mama anayechoma mahindi kando ya barabara.

Siwalaumu sana wenye magari hapa. Mtu amepewa bei ya kichujio kipya, ameangalia salio la mkopo, akaambiwa kuna njia ya siku moja. Na hakuna anayepima. Kanuni za ubora wa hewa za 2014 zinataja moshi wa magari, ila sheria bila mashine ya kupimia ni karatasi.

Mafuta nayo. Mwanzoni mwa 2015 Kenya na majirani wa EAC walishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Kabla ya hapo sisi tulikuwa tunaruhusu 500. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na haikupigiwa ngoma ya kampeni na mtu. Salfa hufunika madini ya katalisti yasifanye kazi. Lakini magari tunayoagiza yaliundwa kwa nchi ambayo tangu 2007 na 2008 inauza mafuta ya salfa 10. Ni kama kumlisha mtu wa presha chumvi kidogo kuliko zamani ukamwambia umemponya.

Na kuna mchezo wa mafuta ya taa. Kwa miaka mingi yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, kwa hivyo wajanja walichanganya. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli, pampu na nozeli zinalika. Septemba 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita moja ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuchanganya. Kwa injini, hoja ina mantiki. Kwa mama wa Mukuru anayepikia stovu, ni kwamba aliambiwa alipie wizi wa watu wa malori. Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote nikieleza siasa ya nishati: dawa ilifanya kazi yake, na bili ikapelekwa kwa mtu asiye na gari.

Sasa ukaguzi. Matatu na magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Rasimu ya kanuni za NTSA ya 2025 ilitaka hata gari la binafsi lenye zaidi ya miaka 4 likaguliwe. Mtandaoni watu waliwaka: ada nyingine, na njia nyingine ya kula rushwa. Hofu hiyo ina msingi. Stika ya ukaguzi inayonunuliwa haisafishi moshi wowote. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba kushusha umri bila kupima moshi ni kumpandishia mnunuzi bei na kumwachia shida ile ile. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, sisi tuko 8, na simama Mlolongo jioni uniambie kama hewa yetu inajua hiyo tofauti.

Mwisho, wewe ambaye gari limeshakufa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema anayeuza bidhaa kama biashara yake anawajibika ziwe za kiwango cha kuuzika. Kuna mtego: kama ulilikagua mwenyewe, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungepaswa kuionyesha. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu kiasi bidhaa imetumika, kwa hivyo mita iliyorudishwa nyuma ni kosa. Haki zako kwenye sheria hiyo hazifutwi na kile kikaratasi cha yadi kinachosema gari limeuzwa lilivyo. Ukinunua kwa jirani ambaye si mfanyabiashara, mambo ni magumu zaidi.

Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Ila fanya haya kabla fundi hajafungua injini: piga picha ya mita na ya mashine ikisoma makosa, tafuta karatasi ya mnada ya Japani ulinganishe kilomita, pata ripoti iliyoandikwa na kusainiwa na makanika, kisha iandikie yadi barua ukiitaka ije ilione gari. Injini ikishafunguliwa, yadi itasema ni fundi wako aliyeiharibu.