Kizio Kimoja Kiko Macho

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia barua ndefu, nami nimeisoma nikicheka peke yangu mpaka mwanangu akaja kuuliza kulikoni. Yeye na mumewe, pamoja na rafiki zake wawili na waume zao, walipanga siku nne Kizimkazi, kusini mwa Unguja, bila mtoto hata mmoja. Watoto wote waliachwa kwa bibi zao, na orodha ya maagizo ambayo bibi hao, nahisi, hawakuisoma. Wakavuka kwa boti, wakala pweza wa nazi, wakakaa barazani hadi saa sita za usiku wakisimuliana yale ambayo mbele ya watoto hayasemeki. Kisha kila wanandoa na chumba chao.

Hapakuwa na wa kulilia maji, wala wa kupelekwa chooni. Mume akaanza kukoroma kabla taa haijazimwa. Mke akabaki akisikiliza makuti yakichakarika juu ya paa. Akasinzia, mlango ukalia, akashtuka. Akasinzia tena, nazi ikaanguka uani, akashtuka. Usiku wa pili akalala fofofo kama aliyepigwa rungu. "Nililipia usingizi," ananiandikia, "nikauziwa mkesha. Ni watoto niliowaacha, au kuna jambo jingine?"

Jambo jingine lipo, dada yangu. Watafiti wa usingizi wanaliita athari ya usiku wa kwanza, na makala ya Agnew, Webb na Williams ililieleza tangu 1966: ukimlaza mtu maabara, usiku wa kwanza analala vibaya, unaofuata anajirekebisha. Kwa muda mrefu watafiti waliuona usiku huo kama povu la chungu, wakaliengua wakaendelea na mapishi. Mwaka 2016 Masako Tamaki, Yuka Sasaki na wenzao wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, wakaamua kulitazama hilo povu lenyewe.

Hatua za usingizi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, nitaziruka. Zimo katika kila kitabu na zinanichosha. Ninachokitaka mimi ni kimoja tu: wimbi la polepole.

Ukiwa macho, seli za ubongo wako ni soko la Darajani asubuhi. Kila moja ina kelele zake, huyu ananadi ndizi, yule anadai chenji. Ukibandikwa vinasa-umeme kichwani, mashine huchora mikwaruzo midogo midogo tu, maana kelele hizo zinamezana zenyewe kwa zenyewe. Usingizi mzito ukiingia, soko linageuka kitu kingine kabisa. Umewahi kuona watu wakikweza chombo pwani? Jahazi halikwezwi kwa nguvu peke yake. Wanaume ishirini wakilivuta kila mmoja kwa wakati wake, halijongei hata shubiri. Basi mmoja huongoza wimbo, wengine huitikia, na penye kiitikio wote huvuta kwa mkupuo. Halafu wote hunyamaza, hushusha pumzi, husubiri. Wanavuta, wananyamaza. Seli za ubongo uliolala hufanya vivyo hivyo, mamilioni kwa mamilioni: zinalipuka pamoja, kisha zinazima pamoja, mara moja hivi kwa kila sekunde.

Ni ule ukimya wa pamoja ndio unaonifurahisha. Sauti ikitoka nje wakati huo, humkuta kila mtu ameinamia kamba, hakuna wa kuipokea akaipeleka kwa jirani. Na kadiri wavutaji walivyo wengi na wanavyopatana kwa wakati, ndivyo wimbi linalochorwa na mashine linavyopanda. Kimo cha wimbi ndicho kinachotuambia usingizi ni mzito kiasi gani. Ningeweza kuutazama mchoro huo siku nzima.

Tamaki na wenzake walipima kila upande wa ubongo peke yake, na hapo nikakwama kwenye neno. Huo upande tuuite nini? Wapo wanaosema nusutufe, neno linalonuka chaki. Ninalo bora zaidi, na si langu: kizio. Wanafunzi wa jiografia wanakijua kizio cha kaskazini na cha kusini. Walimu wa fizikia watanung'unika, kwa kuwa kwao kizio ni mita au kilo. Lakini nendeni jikoni pwani. Nazi ikipasuliwa, kila nusu ni kizio, na hakuna asiyeelewa ukimwambia akune kizio kimoja, kingine akiweke. Kitu cha mviringo, kimegawika mara mbili, kila nusu ikiwa na nyama yake: kama hiyo si picha ya ubongo, nionyesheni nyingine. Kwa hiyo kizio cha ubongo, na usingizi ambao upande mmoja hulala na mwingine hukesha, ndio waliouona, nauita usingizi wa kizio kimoja. Kuna aliyenishauri niuite mang'amung'amu. Nimekataa, kwa sababu mwenye mang'amung'amu ametatizika mzima mzima, na hapa tunasema habari za upande mmoja.

Turudi kwenye kamba. Usiku wa kwanza, kizio cha kulia kilivuta sawasawa. Cha kushoto kililegea. Wavutaji wapo, wimbo wanauitikia, ila baadhi yao wamegeuza shingo kuangalia nani anakuja ufukweni. Na waliogeuza shingo hawakuwa wa kuokoteza: ulegevu ulionekana katika mtandao wa sehemu zile zinazochangamka tunapoacha kazi na kuwaza yetu. Kadiri vizio viwili vilivyopishana, ndivyo mtu alivyochelewa kupata usingizi.

Kisha watafiti wakawachokoza. Waliwapigia waliolala mlio ule ule, tena na tena, na mara moja moja wakachomeka mlio wa kigeni. Kizio cha kushoto kiliugutukia ule mgeni kuliko cha kulia. Sauti za sikio la kulia hupelekwa zaidi kizio cha kushoto, na kweli, milio migeni ya sikio la kulia ndiyo iliyowaamsha watu zaidi. Walipoambiwa wagonge kidole kila wakiisikia, waligonga upesi zaidi pia. Wiki moja hivi baadaye wakarudi kulala pale pale, na vizio vikawa vinavuta sawa.

Makuti, mlango na nazi ya uani, dada, ndiyo milio yako ya kigeni. Morogoro una mlango unaolia vibaya zaidi, nina hakika, lakini ubongo umeshauzoea na kuuandika katika daftari la wasio na neno.

Ajabu ni kwamba mlikwenda kulala nusu mbele ya mabingwa wa jambo hilo. Bahari ya Kizimkazi, penye hifadhi ya Ghuba ya Menai, ina pomboo wakazi. Pomboo ana taabu ambayo sisi hatuna: hupumua kwa kukusudia, na pua yake iko utosini. Akizima ubongo wote, atasahau kuibuka. Mwaka 1977 Lev Mukhametov na wenzake, katika Urusi ya Kisovieti, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kizio kimoja cha pomboo huingia mawimbi mazito huku kingine kikiwa kazini, kisha vinapokezana. Jicho la upande ulio mkabala na kizio kilicholala hufumba. Ubongo wako wewe ulilegeza kamba tu. Pomboo huwapeleka wavutaji wa upande mmoja nyumbani kabisa.

Bata nao wamo, na hawa nawapenda kupita kiasi. Niels Rattenborg na wenzake waliwapanga batamaji safu moja, wakatoa matokeo 1999. Bata wa katikati walifumba macho yote mawili. Wale wa mwisho wa safu walilala zaidi na jicho moja wazi, na jicho hilo lilikuwa la upande wa nje, penye wasiwasi. Kila mama anayelala ukingoni mwa kitanda, upande wa mlango, namwona akitikisa kichwa. Na hapo pia tumempata mumeo: alikuwa bata wa katikati.

Ni watoto, basi, au ni kitanda? Waliopimwa Brown walikuwa 35 kwa jumla, vijana wenye afya, na kilichochunguzwa ni mzunguko wa kwanza tu wa usingizi mzito. Hakuna aliyeulizwa kama ameacha watoto kwa bibi yao. Hata hivyo, mimi nasema ni kitanda. Kama ungekuwa uchungu wa watoto, usiku wa pili usingelala kama gogo, kwa maana watoto walikuwa wangali Morogoro.

Safari ijayo chukua mto wako wa nyumbani. Sasaki mwenyewe amewahi kudokeza kwamba vitu vilivyozoeleka huenda vikasaidia. Unaweza pia kulalia ubavu wa kulia ili sikio hilo lizibwe na mto. Hilo halijapimwa, ni ubunifu wangu. Na mambo muhimu ya ndoa msiyapange usiku wa kwanza.

Barua yako inamalizia kwamba asubuhi moja mlikodi boti kuwaona pomboo, mkakuta boti nyingine saba zimewazunguka, na yenu ikawa ya nane. Hapo sikucheka. Fredrik Christiansen na wenzake waliwachunguza pomboo hao hao wa kusini mwa Unguja, na matokeo yao ya 2010 yanaonyesha kwamba boti za watalii zikiwapo, pomboo hupumzika kidogo na kutangatanga zaidi. Mkirudi, mwambieni nahodha apunguze moto akiwa mbali, asiwakate mbele, na msijirushe majini juu yao. Mkiwaona wanakwenda polepole, wamebanana, wanaibuka na kuzama bila haraka, wamelala nusu. Geuzeni boti.