Beseni Likijaa Obunga

Mama hukaanga mgongo wazi, mifupa ya samaki aina ya mbuta, hapa mtaani Obunga. Mimi huweka madeni ya wateja kwenye programu ya C, lugha ya Dennis Ritchie. Nilitenga nafasi 10 za kumbukumbu kwa malloc. Mteja wa 11 akaja. C haikuonyi: ukiandika nje ya nafasi zako, unaweza kuharibu data nyingine.

Dawa ni realloc, inayobadilisha ukubwa wa nafasi ulizotenga. Omba nafasi 20, kisha 40, ukizidisha kwa ukubwa wa kila kipengee, maana realloc huhesabu baiti. Orodha yaweza kuhamishwa, kama mama anavyomimina samaki kwenye beseni kubwa. Basi pokea anwani mpya katika kielekezi cha muda. Ikiwa realloc imerudisha NULL, yaani imeshindwa, orodha ya zamani ingali salama. Ukimaliza, usisahau kuachilia nafasi hizo kwa free.