Msitu wa Kilosa unamsubiri mtoto wako

Kitalu cha mkaa kikikatwa mwaka huu katika msitu wa kijiji wilayani Kilosa, hakitakiwi kuguswa tena mpaka ipite miaka 24. Kwa hiyo mtoto anayenyonya leo ndiye atakayeshika shoka zamu ijayo.

Huo ndio mzunguko uliowekwa kwenye mipango ya uvunaji ya vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, vilivyoingia katika mradi wa mkaa endelevu ulioanza mwaka 2012. Mradi huo uliendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) na mtandao wa MJUMITA, kwa ufadhili wa Uswisi. Eneo la mkaa hugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, kisha hukatwa kama bao la drafti: kimoja kinakatwa, cha jirani kinaachwa. Miti ya kando ya mito haiguswi. Mninga na mpingo, ambayo ni miti ya mbao, haiingizwi kwenye tanuri.

Halafu hakuna anayepanda mche. Msitu hurudishwa na visiki.

Hapa ndipo wazazi wengi tunapoachwa nyuma. Watoto wetu wamefundishwa shuleni kwamba kurudisha msitu ni kuchimba shimo na kupanda mche, tena mara nyingi siku mgeni rasmi anapokuja. Si vibaya. Lakini mtoto huyo huyo akirudi nyumbani hukuta baba anachoma kisiki cha myombo pembeni ya shamba, na hakuna anayemwambia kwamba chini yake mizizi iko hai na mvua za kwanza zingekichipusha. Kinachokiua ni jembe linalorudi kila msimu, moto wa kila kiangazi na mifugo inayokula machipukizi.

Zamani somo hili lilikuwa na mwalimu wake. Kwa Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, ukoo hufuata upande wa mama, hivyo mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya ardhi na juu ya wapwa zake. Yeye ndiye aliyejua pa kulima, pa kuacha, na msitu upi ni wa matambiko. Siku hizi mjomba anaendesha bodaboda Morogoro mjini, na mpwa humsikia kwenye simu tu, wakati wa ada.

Anayedhani haya ni ya wenye mashamba peke yao akumbuke Desemba 2009 na Januari 2010. Mto Mkondoa ulifurika, ukaingia Kilosa mjini, ukaharibu Reli ya Kati na kuacha maelfu ya watu bila makazi. Familia ziliishi kwenye mahema, na kila mzazi anajua maji machafu na msongamano vinavyowafanya watoto wadogo. Sehemu ya maji ya Mkondoa hushuka kutoka Dodoma na Mpwapwa kupitia mto Kinyasungwe, kwenye ardhi iliyopoteza miti mingi.

Huko juu, shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit wamekuwa wakihimiza Kisiki Hai tangu mwaka 2018. Kazi yenyewe inamfaa hata mtoto wa darasa la tatu. Mtafute kisiki kilichochipua. Mchague machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu. Wewe mkubwa upogoe mengine kwa panga, yeye afunge kitambaa kwenye yaliyobaki ili mchungaji ayaone. Kisha apewe kazi ya kuyalinda. Mwaka unaofuata atajipima nayo urefu, na nakuhakikishia atakukumbusha yeye.

Mkiwa safarini kutoka Morogoro kwenda Iringa, barabara hukatisha Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Watoto wote huchungulia tembo. Waonyeshe na miti pia, hasa Septemba na Oktoba, miombo inapotoa majani mapya mekundu hata kabla mvua haijanyesha. Mkitoka hifadhini, waulize wanaona nini kimebadilika.

Mvua zikianza, bibi anajua somo jingine: uyoga. Aina nyingi za uyoga wa miombo huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti hiyo, ndiyo maana msitu ukigeuka shamba, hiyo mboga nayo hupotea. Mtoto na aende na bibi, lakini asichume peke yake. Kuchemsha na kitunguu au sarafu ili kuona kama rangi inabadilika hakuthibitishi kwamba uyoga ni salama. Tena baadhi ya uyoga wenye sumu kali huanza kuumiza tumbo saa sita au zaidi baada ya kuliwa, ukishaanza kudhuru ini. Mtoto akitapika au kuharisha baada ya mlo wa uyoga, mkimbize hospitali bila kungoja, hata akionekana kupata nafuu, na ubebe mabaki ya uyoga huo ili daktari auone.