Priseti moja yatosha kubeba wimbo mzima

Wimbo wa rumba ya Kongo huwa na sehemu mbili. Kwanza ni mashairi: mwimbaji yuko mbele na magitaa yanamsindikiza kwa upole. Kisha ngoma inageuka, sebene linaingia, na gitaa la solo linatakiwa lichomoze mpaka aliyekaa nyuma kabisa ukumbini alisikie. Katikati hakuna mapumziko. Mpiga solo ana pigo moja tu la kubadili sauti ya gitaa lake, na akichelewa, sebene linaanza bila yeye.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na mkono. Nico Kasanda, aliyejulikana kama Dr Nico, na Franco wa OK Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956, walijenga majina yao miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia kwenye muziki wa jukwaani. Aliyetaka ukali alipiga nyuzi karibu na daraja la gitaa. Aliyetaka ulaini alisogeza mkono kuelekea shingoni.

Leo wapigaji wengi wana kifaa cha kidijitali kinachoiga amplifaya, spika na pedali kwa programu, nao wanakichomeka moja kwa moja kwenye miksa. Roland ilitoa VG-8 mwaka 1995, Line 6 ikaja na POD mwaka 1998, kisha wakafuata Fractal Audio, Kemper na Neural DSP. Helix ya Line 6, iliyotoka mwaka 2015, ina nafasi za priseti 1,024, na kila priseti ni mpangilio kamili wa amplifaya, spika na pedali uliohifadhiwa kwa matumizi ya baadaye.

Wingi huo unawaponza wapigaji. Mtu anatengeneza priseti ya mashairi, nyingine ya sebene, nyingine ya pambio za kanisani, mpaka anakuwa nazo arobaini na hakuna hata moja anayoijua vizuri. Ushauri wangu ni kutengeneza moja, kuitengeneza kwa makini, kisha kuchota humo sauti zote unazozihitaji.

Hasara ya kuhamahama

Kifaa kinapohama kutoka priseti moja kwenda nyingine, kinapakia mpangilio mpya tangu mwanzo. Katika vifaa vingi sauti hukatika kwa kitambo kidogo, na mwangwi wa noti ya mwisho unapotea nayo. Ukiwa nyumbani peke yako unaweza usilione pengo hilo. Jukwaani linaangukia palepale sebene linapoingia.

Kuna pia suala la ukumbi. Mwaka 1933 watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio halizipokei vizuri besi na sauti za juu kama linavyozipokea sauti za katikati. Anayetengeneza priseti usiku kwa sauti ya chini huongeza besi na ukali ili apate anachokitaka. Akienda nayo ukumbini kwenye spika kubwa, besi inavuma na ukali unachoma masikio. Mwenye priseti arobaini ana arobaini za kurekebisha kabla ya onyesho. Mwenye moja anarekebisha moja, na mazoezini aliipima kwa sauti ileile ya jukwaani.

Anza na gitaa lenyewe

Msingi wa priseti hii ni amplifaya iliyo kwenye mpaka wa kukwaruza. Ukipiga kwa upole inabaki safi, ukikaza mkono inaanza kuunguruma. Mfano wa Vox AC30 au wa Fender Deluxe Reverb unafaa sana. Weka gaini mahali ambapo voliumu ya gitaa ikiwa 10 mkwaruzo unasikika wazi, kisha ishushe mpaka 6 au 5. Utasikia mkwaruzo ukiondoka na sauti ikisafika, wala hujagusa kifaa.

Hapo pana mambo mawili ya kuangalia. Katika magitaa mengi, kushusha voliumu kunapunguza pia sauti za juu, na gitaa linakuwa zito. Fundi anaweza kuunganisha kapasita ndogo kwenye voliumu ili ukali usipotee. La pili ni kompresa. Ikiwa mwanzoni mwa mnyororo, inainua sauti ndogo na kubana kubwa, kwa hiyo inafuta tofauti ileile uliyokuwa unaitafuta kwa voliumu na kwa mkono. Iwashe pale tu unapotaka noti zote zilingane.

Baada ya voliumu kuna swichi ya pikapu. Fender Stratocaster, iliyoanza kuuzwa mwaka 1954, ina pikapu tatu, na tangu mwaka 1977 kiwanda kimeiwekea swichi ya nafasi tano. Pikapu ya shingoni ina unene unaofaa kusindikiza mashairi. Ya darajani ina ukali wa sebene. Nafasi zinazounganisha pikapu mbili zinatoa sauti nyepesi yenye uwazi, nzuri kwa mi-solo, gitaa lile linalokaa kati ya solo na rithimu. Mpigaji anayezijua nafasi hizo na voliumu yake tayari ana sauti kadhaa mkononi.

Sauti nne chini ya mguu

Yasiyowezekana kwa mkono yanafanywa na kifaa chenyewe. Mwaka 2016 Line 6 iliiongezea Helix snepshoti 8 katika kila priseti. Quad Cortex ya Neural DSP nayo ina 8, ambazo kampuni hiyo, kama Fractal Audio, inaziita sini. Ukihama kutoka snepshoti moja kwenda nyingine, amplifaya na pedali zote zinabaki zimepakiwa. Kinachobadilika ni mipangilio yake tu, ipi iwake, ipi izimwe, ipi iongezwe. Kwa sababu hakuna kinachopakiwa upya, sauti haikatiki, na mwangwi wa mashairi unaendelea kufifia wenyewe wakati sebene limekwisha kuanza.

Panga mnyororo hivi: kompresa, pedali ya mkwaruzo mwepesi, amplifaya, spika, ikwalaiza, dilei, mwishoni mwangwi wa ukumbi. Snepshoti ya kwanza ni ya rithimu: kompresa inawaka, gaini iko chini, dilei imezimwa. Ya pili ni ya mi-solo: punguza besi kwenye ikwalaiza ili usigombane na gitaa la besi, na weka dilei fupi. Ya tatu ni ya solo: dilei ndefu zaidi na sauti iliyopandishwa. Ya nne ni ya pambio lenye nguvu au wimbo wa roki: kompresa imezimwa, pedali ya mkwaruzo inawaka.

Katika snepshoti ya solo ndipo wengi wanapokosea. Wakitaka kusikika zaidi, wanaongeza nguvu kabla ya amplifaya. Amplifaya iliyo kwenye mpaka wa kukwaruza ikisukumwa kwa mbele haipazi sauti sana; inazidisha mkwaruzo, noti zinabanana na solo linazama ndani ya bendi. Ongeza baada ya amplifaya. Desibeli 3 hadi 5 mwishoni mwa mnyororo zinalitoa gitaa mbele bila kugeuza tabia yake. Mwambie fundi mitambo mapema, asije akakushusha akidhani umepitiliza.

Dilei nayo ifuate mwendo wa wimbo. Gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, utapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Mapigo 120 yanatoa milisekunde 500, na robotatu ya pigo ni 375. Dilei isiyofuata ngoma inaangusha noti zake katikati ya vidole vya mpiga rithimu, na bendi nzima inasikika imeyumba hata kama kila mmoja anapiga sawasawa.

Faida kubwa ya kazi hii ni kwamba sauti zote nne zina mzazi mmoja. Amplifaya ni ileile, spika ni ileile, na msikilizaji anatambua kwamba gitaa lililombembeleza mwimbaji ndilo lililokuja kulipuka kwenye sebene. Hata wenzako wa bendi wanakuzoea. Mpiga besi anajua utakaa wapi, mwimbaji anajua hutamfunika.

Basi, mpiga gitaa, chagua amplifaya moja, ijaribu mazoezini kwa sauti ya jukwaani, na upige nayo nyimbo zako zote mpaka usihitaji kuangalia chini. Priseti ya pili itengeneze siku ile tu wimbo utakapoidai.