Ganda la Korosho na Dawa ya Saratani

Msimu wa korosho ufikapo huko Ruangwa, magunia hubebwa mabegani, hupakiwa katika malori na kusafirishwa hadi bandari ya Mtwara, wala hakuna mchukuzi anayeunguzwa na mafuta makali yaliyomo ndani ya maganda. Aunguaye ni mbanguaji, kwa kuwa yeye ndiye alipasuaye ganda. Fikra ya namna hiyo ndiyo inayowaongoza wataalamu wanaotafuta njia ya kufikisha dawa kali kwenye uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi bila ya kuvidhuru viungo vingine njiani.

Saratani hii husababishwa, karibu katika kila mgonjwa, na kirusi cha papiloma. Jambo hilo lilithibitishwa na uchunguzi wa Harald zur Hausen wa Ujerumani, aliyetunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2008. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake wapatao 10,000 hupatwa na ugonjwa huu nchini Tanzania kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Ruangwa aliyehitaji mionzi amelazimika kusafiri mamia ya kilomita hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Matibabu huchukua wiki kadhaa, na kwa kawaida pamoja na mionzi hutolewa dawa iitwayo sisplatini, mara moja kwa wiki.

Sisplatini ni kampaundi ya madini ya platini. Ikiingia ndani ya seli hushikamana na DNA, na seli hushindwa kugawanyika. Lakini dawa hiyo haichagui. Huzunguka na damu mwili mzima, na figo ndizo huumia zaidi. Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Uvimbe ulioenea huibana mirija ipelekayo mkojo kutoka katika figo hadi kibofuni, na figo hudhoofika kabla hata ya matibabu kuanza. Hivyo mwanamke aliyechelewa, ambaye angeihitaji sana dawa hii, mara nyingi ndiye asiyeweza kuipokea.

Ndipo likaja wazo la kuifungia dawa ndani ya ganda. Ganda lijulikanalo zaidi ni liposomu, yaani kiputo cha mafuta ya aina ile ile iliyojenga utando wa seli. Kila molekyuli yake ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao; zikitiwa majini hujipanga zenyewe na kufanya kiputo. Upana wake huwa kama nanomita 100. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Mishipa ya damu ndani ya uvimbe hukua kwa haraka na ovyo, ikaacha matundu ambayo vijiganda hivyo huweza kupenya. Mishipa mizima haina matundu makubwa kiasi hicho. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya jinsi hiyo, doksorubisini ndani ya liposomu, na madhara yake kwa moyo yalipungua.

Sisplatini haikuwa rahisi hivyo. Ilipofungiwa katika liposomu na kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani nyingine, figo zao zilinusurika, lakini uvimbe nao ulinusurika! Ganda lilikuwa gumu mno: lilifika lakini halikupasuka. Tena, si mengi yafikayo. Watafiti waliopitia majaribio mengi ya wanyama walitangaza mwaka 2016 kwamba, kwa wastani, asilimia 0.7 tu ya chembechembe zilizodungwa ndiyo iliyoufikia uvimbe. Nyingi huzuiliwa na ini na wengu.

Mlango wa kizazi, hata hivyo, hufikika bila ya kupitia katika damu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza jinsi walivyotia ukeni mwa panya chembechembe zenye dawa ya paklitakseli, zilizotengenezwa zisinaswe na ute. Ukuaji wa uvimbe ulipunguzwa. Panya si binadamu, na uvimbe uliokwisha kuifikia mirija ya mkojo uko mbali mno na dawa itiwayo kwa njia hiyo. Kwa huo njia bado ni mshipa wa damu.