Injini Laini Si Lazima Iwe Safi

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wahenga hawakuiona injini ya mzunguko aliyoibuni Mjerumani Felix Wankel, ambayo ya kwanza iliwashwa katika kampuni ya NSU mwaka 1957, lakini methali yao inaifaa sana. Injini hiyo haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake mna rota ya umbo la pembetatu inayozunguka, na kwa hiyo ni ndogo, nyepesi na haitetemeki. Watu husikia utulivu huo wakasema, "Injini safi!" Hapo ndipo neno linapotuhadaa, kwa maana ulaini wa mwendo si usafi wa moshi.

Chukua mfano wa Mazda R100, kigari kilichouzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikiwa na injini ya mzunguko ya sentimita za ujazo 982. Anayekifufua leo huvutiwa na 13B, injini ya jamii hiyohiyo yenye sentimita 1308. Hata hivyo, katika 13B za zamani tundu la kutolea moshi liko kwenye ukuta wa nje wa chemba, na kwa muda mfupi huwa wazi pamoja na tundu la kuingizia petroli. Petroli ambayo haijaungua hupenya ikatoka na moshi.

Mazda ilipounda Renesis kwa ajili ya RX-8, gari lililotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, iliyahamishia matundu ya moshi kwenye kuta za ubavuni. Hayakuwa tena wazi sawia na yale ya kuingizia, na petroli iliyosalia ikabaki ndani ipate kuungua. Atafutaye usafi na achague hiyo. Lakini asiichukue nusunusu: kompyuta yake na kisafisha moshi chake sharti viandamane nayo. Apime pia mgandamizo wa pande zote tatu za kila rota, kwani vizibo vilivyochakaa huvujisha. Wala asijigambe kupita kiasi. Renesis nayo hutia oili kidogo ndani ya chemba ili kulainisha vizibo hivyo, na oili hiyo huungua.

Je, ni nani atakayemlazimisha kujali yote haya? Katika jimbo la California, magari ya petroli ya mwaka 1975 na ya kabla yake hayadaiwi ule ukaguzi wa moshi wa kila baada ya miaka miwili. Hakuna mkaguzi anayemngoja mwenye R100. Imebaki dhamiri yake.

Waama, walimu na wanafunzi, tulisikiapo neno "safi" hatuna budi kuuliza: safi kwa nani? Kwa sikio la dereva, au kwa mapafu ya mtoto apitaye nyuma ya gari?