Kitufe Kimoja, Majina Mawili

Mpiga kinanda wa kwaya amepewa karatasi ya wimbo ulio katika ufunguo wa F. Juu ya maneno zimeandikwa kodi (za muziki, si za serikali): F, Dm, A#, C. Anabonyeza, wimbo unatoka sawasawa. Kosa liko wapi basi, ikiwa A# na B♭ ni kitufe kilekile cheusi?

Kosa liko kwenye maandishi. Ngazi ya F ina noti saba, na kila herufi hutumika mara moja tu: F, G, A, B♭, C, D, E. Ukiandika A#, herufi A imejirudia na B imetoweka. Waliozoea solfa wataliona hilo upesi. F ikiwa d, A ni m na B♭ ni f. Kuandika A# ni kudai ngazi ina m mbili na haina f.

Kodi nazo hujengwa kwa kuruka herufi. B♭ meja ni B♭, D, F: umeruka C, ukaruka E. Ukiiita A#, herufi zake zitakuwa A, C na E. Na ili sauti isibadilike, itabidi C ipandishwe nusu sauti mara mbili, na E mara moja. Mzigo wote huo kwa kodi nyepesi kabisa!

Kwa hiyo, anza na ufunguo. Nyimbo za G, D, A na E meja huandikwa kwa shapu. Za F, B♭, E♭ na A♭ kwa flati.

Noti ngeni ikiingia, tazama inakoelekea. Katika ufunguo wa C, kodi ya D meja huleta F#, kwa kuwa noti hiyo hupanda kwenda G; ndiyo *fe* ya solfa. C7 huleta B♭, ambayo hushuka kwenda A, ndiyo *ta*. Usishangae pia kuzikuta shapu na flati kwenye wimbo mmoja: G maina ina flati mbili, lakini kodi yake ya D7 huandikwa kwa F#, kwani noti hiyo inapanda kurudi nyumbani, G.

Kabla ya kugawa karatasi, andika ngazi ya wimbo pembeni, herufi saba bila kurudia. Kodi yenye noti isiyokuwamo humo, iulize kwanza: unapanda au unashuka?